Glavu za Kocha

Ukitaka kumchokoza Mama Glavu, mwambie kwamba glavu ya kupigia upinde ni ngozi tu, mtu avae yoyote. Ataweka chini shazia, ile sindano yake nene ya kushonea ngozi, akutazame juu ya miwani, na hapo ujue umeyataka mwenyewe. Hutoki mle ndani mpaka ukiri kwamba hii si glavu ya kufulia wala ya kubebea matofali. Ina vifuniko vya vidole vitatu tu, vile vinavyovuta uzi wa upinde, na mikanda inayopita mgongoni mwa mkono kwenda kufungwa kwenye kifundo. Ikiwa nene mno, mpigaji hausikii uzi, na asipousikia hajui anauachia lini. Ikiwa nyembamba mno, uzi utamchuna vidole.

Sebule yake ndiyo karakana yake. Meza ya chakula ilishasahau chakula zamani; imejaa vipande vya ngozi, mkasi, donge la nta, na violezo vya karatasi ngumu vya mikono ya watu. Kwenye mwimo wa mlango kuna msumari, na kwenye msumari unaning'inia uzi wa upinde. Huo ndio mzani wake. Mteja akija humvalisha glavu, humwambia afumbe macho, kisha huulaza uzi juu ya vidole vyake na kuuvuta kidogo.

"Uzi uko wapi?"

Mteja akisema uko kwenye kiungo cha kwanza, na kweli upo hapo, basi glavu imemkubali. Akianza kubabaika, inavuliwa, inajaribiwa nyingine. Uwe na haraka, uwe mkubwa wa nani sijui, utafumba macho tu.

Mtu mmoja peke yake alikuwa hajawahi kufumbishwa macho mle ndani, naye ni mumewe. Watu wanamwita Kocha, maana ndiye anayefundisha upinde kwenye uwanja wa nyuma ya shule, na hata kipimo hicho cha uzi alikibuni yeye. Mama Glavu alianza kuushonea mkono ule walipokuwa wachumba. Kiolezo chake kimelainika kingo kwa kushikwa. Kila glavu mpya ilipokuwa tayari, Kocha aliivaa, akakunja ngumi mara moja, akasema, "Hii nimezaliwa nayo," akaenda zake uwanjani. Sasa umpimie nini mtu kama huyo?

Basi maneno yakaanza. Kocha alirudi siku moja akaitupa glavu mezani. "Ngozi nene hii. Uzi siusikii."

Mama Glavu akakata nyingine, nyembamba zaidi. Bado. Akaacha ngozi ya ng'ombe, akachukua ya ndama. Bado. Akachukua ya mbuzi, akaiparua kwa kisu mpaka ukiinyanyua dirishani unaona mwanga. Kocha akaivaa, akapiga mishale yake, mishale ikaenda kuchoma majani pembeni ya shabaha, na wanafunzi wakajifanya wanaangalia ndege.

Siku ile alirudi na mwanafunzi wake mmoja, binti mpole, aliyekuja kuchukua glavu yake. Binti akafumba macho, akapimwa, akajibu vizuri, mambo yakaisha. Kocha, ambaye mishale ilikuwa bado inamuuma moyoni, akamwambia, "Una bahati wewe. Mimi siku hizi mke wangu ananishonea soksi."

Binti alicheka, kisha akamwona Mama Glavu usoni, kicheko kikamfia mdomoni. Alishukuru haraka haraka akaondoka.

Iliuma, tuseme ukweli. Matusi mengine mtu unayajibu, ukapoa. Hili alilimeza likakaa, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshaanza kujishuku. Asubuhi dole gumba lilikuwa gumu. Uzi wa kushonea ulikuwa unalikosa tundu la sindano. Akawa anaitazama mikono yake akiwa anaosha vyombo na kujiambia, nimekwisha mimi. Mume wangu kaona, anaona aibu tu kunitamkia. Akaanza kukataa kazi za wateja wapya, anasingizia ngozi imeisha, na ngozi imejaa chini ya kitanda.

Kocha mwenyewe nani angemshuku? Sukari anayo, ndiyo, na dawa anameza akikumbuka, lakini mtu mzima wa afya. Alikuwa akichukua kikombe cha bati kikitoka jikoni na chai inachemka, anakishika hivi hivi, anapiga soga. Wanafunzi wakisema, "Jamani, Kocha ana mikono ya chuma!" anakishika zaidi ili wamwone. Na kuna siku alirudi kutoka uwanjani na ndara moja. Ile nyingine ilinasa kwenye tope njiani, naye akatembea mpaka nyumbani hana habari. Mama Glavu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, na mwenzake umemwacha na nani?"

Kocha akautazama mguu wake kama mguu wa jirani, kisha naye akaangua kicheko. Wakaifanya utani wa nyumba. Mmoja akitoka, mwingine anauliza, "Ndara zote zipo?"

Mwisho Kocha akasema, Jumamosi anakwenda mjini, kwenye duka la michezo, akanunue glavu ya kiwandani. Weee! Bora angesema anaoa mke wa pili. Glavu ya kiwandani, ndani ya nyumba ile, kwenye mkono ule!

"Nipe mpaka Jumamosi hiyohiyo," Mama Glavu alisema. "Nitakushonea za kila aina, uchague mwenyewe. Zote zikikushinda, nenda dukani kwako. Na mimi shazia naweka chini, sishoni tena."

Hakuwa anatisha mtu. Alishaamua.

Jumamosi zilikuwa mezani, zimepangwa kuanzia nene mpaka nyembamba. Ya mwisho ilikuwa ya mwanambuzi, laini, mishono midogo midogo kama aliishona kwa pumzi. Hiyo ndiyo aliyoiwekea roho yake. Akavuta kiti karibu na mwimo wa mlango.

"Leo wewe ni mteja. Kaa. Fumba macho."

"Unanifumbisha macho mimi? Kipimo hiki nani alikufundisha?"

"Fumba macho, Kocha."

Akafumba, ananung'unika. Akamvalisha ile nene, akalaza uzi kwenye kiungo cha kwanza, akavuta kidogo. "Uko wapi?"

Kocha alikawia. "Cha pili."

Haya. Nene mno, Mama Glavu alijiambia, kosa langu. Akavua, akamvalisha inayofuata. Cha pili tena. Inayofuata, Kocha akasema huuweki sawasawa, unanichanganya. Jasho lilikuwa linamtoka, na mguu wake ulikuwa unagonga sakafu. Ikabaki ile ya mwanambuzi. Mama Glavu akamvalisha taratibu, akafunga mkanda, akageuka kuchukua uzi. Uzi ukawa umejiviringa kwenye msumari. Akawa anahangaika kuufungua, na dole gumba ndilo lile gumu, mara akasikia nyuma yake:

"Hapo! Kiungo cha kwanza, vidole vyote vitatu. Umeona sasa? Hii ndiyo glavu, mke wangu. Hii ndiyo yenyewe."

Aligeuka. Kocha alikuwa amefumba macho, anatabasamu, mkono ameunyoosha mbele. Hakukuwa na kitu juu ya vidole vyake. Uzi ulikuwa bado kwenye msumari.

Angeweza kunyamaza. Maneno yale yale aliyoyangoja yalikuwa yameshatamkwa, na mtu angeenda uwanjani na furaha yake. Lakini ile ndara ikamjia. Kile kikombe cha bati kikamjia. Walicheka, jamani. Mambo yote yale walikuwa wanayacheka.

"Sijaweka bado," alisema.

Kocha akafumbua macho. Akautazama msumari, akamtazama mkewe. "Umeweka ukaondoa."

"Sijaweka, mume wangu."

Akamvua glavu, na safari hii akavitazama vidole vyenyewe. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na kidonda kirefu kilichokatwa na uzi, kingo zake zimeshaanza kuwa nyeusi. Kilikuwa cha siku nyingi.

"Hiki umekipata lini?"

"Nini?"

"Kidonda hiki."

Kocha akausogeza mkono karibu na macho, akaugeuza upande huu na upande huu, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mama Glavu akakibonyeza kidole kile kwa ukucha wake, kidogo, kisha kwa nguvu. Kocha aliendelea kutazama tu.

"Nilidhani ni glavu," alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani ni glavu."

"Vaa shati tunaenda hospitali. Sasa hivi."

"Na upinde je?"

Mama Glavu alikwenda kutafuta mtandio, akausaka kwenye kiti, na ulikuwa begani kwake.

Aliporudi alimkuta Kocha bado kwenye kiti kile kile. Alikuwa anazichukua glavu moja moja kwa mkono wa kushoto, anazipitisha kwenye shavu lake, polepole. Shavu lilikuwa linasikia. Ile nene, ile ya ndama, ile ya mbuzi. Alipofika kwenye ya mwanambuzi aliiacha shavuni kwa muda mrefu.

"Hizi zote zilikuwa nzuri," alisema. "Hata zile za mwanzo nilizozitupa. Mkono wako hauna kosa hata kidogo, mke wangu. Nilikusema bure mbele ya mtoto wa watu. Nisamehe."

Ndivyo hasa alivyotaka kuambiwa, tangu siku ile ya soksi. Alikuwa amelala na kuamka anayangoja maneno hayo, amepanga hata na namna atakavyojifanya hajali. Sasa yamekuja. Akakaa chini sakafuni mbele yake, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Usiniambie hivyo," alisema, machozi yanamtiririka. "Niambie ninashona soksi. Niambie nimezeeka, mikono yangu imekwisha, sifai, unakwenda kununua ya dukani. Niambie, mume wangu, nakuomba."

Kocha alimtazama jinsi alivyouminya mkono wake, akasema, "Umenishika kwa nguvu, eh?"