Kinga ya Mama Blessing

Mimi Mwaisha, mama Salmini, sina subira na watu wanaomcheka Mama Blessing. Wamcheke mbali, si mbele yangu.

Jirani yangu huyu, jina lake Philomena, anapika ugali na samaki kwa wachimbaji hapa Katoro. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua. Siku hizo mumewe alikuwa anaifuata dhahabu, leo machimbo haya, kesho yale, mke na mtoto nyuma yake, na kliniki wakawa wanaikosa. Alipozaliwa Blessing, Philomena hakutaka mchezo. Akampeleka kwa mganga, mtoto akafungwa kinga kiunoni. Akaificha chini ya gauni, maana yeye ni mwanakwaya.

Basi wakaja watu wa afya. Nesi mmoja, Rebeka, akasimama uani kwetu akasema, "Hamjambo mama zangu. Tunachukua damu kidogo ya watoto, tunapima kinga."

Philomena akashtuka. Akanivuta ndani. "Mama Salmini, wamejuaje? Na mganga alisema mtoto akitolewa damu, kinga inavunjika. Nitazika tena mimi?"

Ningecheka, ila mwenzangu alishazika mtoto, nikamwonea huruma. Nikamwita nesi, nikamweleza bila kuficha. Rebeka hakumkaripia.

"Hiyo ya kiunoni siigusi, mama. Natafuta ile inayobaki kwenye damu mtu akichanjwa, au akiugua surua akapona. Tunataka kujua, ugonjwa ukiingia hapa, utakuta watoto wangapi hawana."

Philomena akafumba macho, akaushika mkono wa mwanawe akaunyoosha.

Majibu yalipokuja yalikuwa ya kitongoji kizima. "Na Blessing wangu je?" akauliza. Nesi akasema utafiti hautoi jibu la mtoto mmoja mmoja. Hapo nilikasirika kweli, jamani, umtoe mtoto wa mtu damu halafu usimwambie lake! Rebeka akaniacha nimalize. Akasema watoto wengi wa huku machimboni hawana kinga, surua ikifika itawazoa. Kwa hiyo chanjo inaletwa hapahapa, na Blessing achanjwe tu.

Siku ya chanjo Philomena alitangulia watu wote. Blessing akachomwa, akalia, akanyamaza. Mama yake hakuondoka.

"Nesi, na yule wa kwanza? Ningemleta, angekuwepo?"

Rebeka aliangalia chini. "Huenda hata asingeugua, mama."

Philomena akasema ahsante. Akakaa palepale chini, akamkumbatia Blessing, akalia kilio cha msibani, na akina mama wote kwenye foleni wakamsubiri.