Kitambaa cha Mama Neema na Droo ya Kwanza

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya, maana huku Ruhembe nikienda gengeni kununua nyanya watu wananyamaza ghafla, halafu mmoja anaangua kicheko na kujifanya anakohoa, na juzi nimesikia eti siku ile nilizimia. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu.

Kwanza mnijue: mimi Zawadi ni mtu wa kuota mchana. Nakaa kwenye studio yangu ya picha na video, nje wamechoma shamba la miwa, na yale majivu meusi yanashuka polepole, yanazunguka hewani wee, hayana haraka ya kufika chini, na mimi nayatazama mpaka mteja agonge meza. Ndivyo nilivyoacha kunakili diski ya Baba Neema. Nilipanga kuinakili Alhamisi, nikakaa, majivu yakaanza kushuka, nikashtuka ni Ijumaa jioni na kesho yake ndiyo shughuli.

Baba Neema alikuja studio miaka miwili iliyopita, ameshadhoofika, akakaa kwenye kiti cha plastiki akasema, "Zawadi mwanangu, nirekodi. Nina maneno ya Neema ya siku atakayoondoka nyumbani, na sidhani kama nitakuwepo." Nikamrekodi, dakika nne. Baada ya mwezi tukamzika. Ile video haikuwa mahali pengine popote duniani, ilikuwa kwenye diski ile moja tu, na Neema (tumekaa dawati moja tangu darasa la pili) alikuwa anajua ipo na hajawahi kuiona. Alipopata mchumba wa Kilosa na sendofu ya kumuaga ikapangwa ukumbini Mikumi, kitu pekee alichoniomba ni hicho, nimletee baba yake.

Sasa mimi sina laptopu (ilikufa, na kifo chake kinahusu kikombe cha chai, tuachane nayo). Nina kompyuta ya mezani yenye droo nne ndogo mbele, kila droo inabeba diski yake, na raha yake ni kwamba unachomoa diski na kuchomeka nyingine mashine ikiwa inawaka, huzimi kitu. Nilikuwa najisikia nayo! Mteja akija nachomoa moja hata kama haina kazi, nione tu anavyoshangaa. Basi Jumamosi nikapanda gari mashine nimeipakata, nikafika ukumbini, nikaipanga mezani karibu na keki, na Mama Neema akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hiki kidude kiko uchi mbele za wakwe?"

Kabla sijajibu ameshakunjua kitambaa cha kufuma, cheupe, kina maua ya njano na vishada vinaning'inia pembeni, akaifunika mashine yangu mpaka chini, taa za droo zote zikapotea. Nilijua hapo hapo kwamba si vizuri. Lakini akakinyoosha kwa kiganja akasema, "Hiki nilikifuma nikiwa nimekaa na baba yenu hospitali," na mimi ni nani wa kumwambia mama mjane aondoe kitambaa chake? Nikasema kimependeza. Kilikuwa kimependeza kweli.

Saa tisa mapazia yakashushwa, ukumbi ukawa na kale kagiza ka mchana, kenye joto, mashada ya maua yananukia, projekta ikawaka na Baba Neema akatokea ukutani, mkubwa, amevaa shati lake la kanisani. Akasema, "Neema mwanangu. Kama umekaa, simama kwanza nikuone." Na Neema, na gauni lake lote lile, akasimama.

Mimi nikaelea. Nikawa natazama vumbi linavyotembea kwenye mwanga wa projekta, nafikiria mapenzi, na kutoka mapenzi nikafika kwangu, na kutoka kwangu nikakumbuka: droo ya pili! Diski yangu binafsi nimeisahau humo ndani.

(Niwaambie kilichokuwemo, maana mtaambiwa na wengine. Siku ya kuvalishana pete, upande wa bwana harusi alikuja kaka mmoja, Fadhili, anashughulika na mbegu kule Kilangali, akapita karibu na kamera yangu akasema, "Pole na kazi, dada." Basi, ni hayo tu. Mimi nikayabeba mpaka nyumbani, nikafunga studio, nikashusha pazia la dirisha nikajitanda kichwani, nikajirekodi nikitoa hotuba ya shukrani kwenye sendofu yangu mwenyewe. Nilimshukuru Fadhili kwa jina. Nilitaja na watoto tutakaowapata, wawili, wa kike ndiye mkubwa.)

Hakuna aliyekuwa anaiona diski ile wala kuigusa. Ningetulia tu, leo ningenunua nyanya zangu kwa amani. Lakini Fadhili alikuwa amekaa meza ya pili, na roho yangu ikaniambia ichomoe, si mashine yenyewe inaruhusu? Kuinua kitambaa nikaona aibu, maana Mama Neema alikuwa anakitazama huku anatabasamu. Nikapitisha mkono chini yake, nikapapasa, moja, mbili, nikavuta.

Kumbe moja yangu ilikuwa ukingo wa mashine; nilivuta droo ya kwanza. Baba Neema akaganda ukutani, mdomo wazi.

Nikairudisha kwa nguvu, upesi upesi, nikakimbilia skrini, nikaona diski moja imejitokeza, ndani yake faili limeandikwa "Sendofu", nikasema Mungu wangu asante, nikabonyeza. Ukutani nikatokea mimi, nimejitanda pazia, nusu ya pete za pazia zinaning'inia sikioni, nasema kwa sauti nyororo ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia, "Fadhili, mume wangu mtarajiwa, tangu siku ile uliponipa pole..."

Nilitafuta kitufe cha kuzima nikakikosa, nikaenda kusimama mbele ya projekta kuiziba, na hapo ndipo uso wangu ukahamia tumboni kwangu na kuendelea kuongea, mpaka ukafika kwa wale watoto wawili. Watu walilia kwa kicheko. MC akachukua kipaza sauti: "Ndugu Fadhili, meza ya pili, tunaomba usimame tukuone!" Sikumtazama Fadhili. Nilichomoa waya wa projekta, nikabaki nimesimama gizani, nataka kwenda nyumbani.

Ila mtu mmoja hakucheka. Neema alikuwa bado amesimama. MC akamwambia, "Bibi harusi, kaa tu, tunarekebisha mitambo," na yeye akatikisa kichwa, akasema polepole, "Baba hajaniambia nikae." Aibu yangu yote ikaondoka, ikabaki hofu. Nikapiga magoti nikainua kitambaa, kwa mara ya kwanza, na nikaona: droo ya kwanza imeingia nusu, imemeza kishada na nyuzi zake, haiendi mbele wala nyuma, na taa yake imezimika. Nikiisukuma naivunja, nikiivuta naivunja.

Mama Neema akainama pembeni yangu. "Kuna nini?"

"Mama, ni kitambaa." Machozi yakanitoka. "Kimenasa. Na nakala nyingine sina."

Akakitazama kile kitambaa, akakigusa. Halafu akanyoosha mkono mezani, akachukua kisu cha keki chenye utepe mwekundu, na kabla sijasema lolote akakata, kishada na maua mawili ya njano. "Hiki nitafuma kingine," akasema. "Mtoe mume wangu humo."

Nikachomoa nyuzi moja moja kwa kibanio cha nywele. Nikairudisha droo taratibu, mpaka ikalia tik, nikaondoa mkono, nikahesabu kumi bila kugusa chochote, na kwenye saba ile taa ya kijani ikawaka. Nikarudisha waya wa projekta, Baba Neema akarudi ukutani, akamaliza maneno yake, na mwishoni akasogea kwenye kamera kama anayeangalia kitu kwa makini. "Umependeza, mwanangu. Haya, sasa kaa." Neema akakaa.

Siku hizi nanakili kila kitu siku ile ile, majivu yashuke yasishuke. Mashine yangu haivai nguo, hata aje mama mkwe wa nani. Na sivuti droo bila kuiona kwa macho yangu mawili. Kile kishada ninacho, nimekibandika ukutani juu ya meza ya kazi.

Lile pazia nalo lipo dirishani. Wiki iliyopita Fadhili alikuja studio, kutoka Kilangali yote ile, eti anataka picha za pasipoti. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akalitazama pazia, akanitazama mimi, akauliza yule mtoto wa kiume tulimpa jina gani.