Mshenga Kwenye Kiti cha Gari

Miaka ile mafuta yalipokuwa adimu, Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani. Wenye magari pale Kilosa waliyaacha yakalala. Baba yangu, mtu wa makuu, alikifungua kiti cha nyuma cha gari lake, akakiingiza sebuleni, akakikalia kama mkuu wa wilaya. Jumatatu alfajiri tunakirudisha.

Nasema tunakirudisha, lakini fundi nilikuwa mimi. Kuinama ndani ya gari, baba alidai, kunamuumiza mgongo. Kiti kilikuwa vipande viwili, cha kukalia na cha kuegemea, na ndani ya nyumba tuliviunga kwenye fremu ya mbao kwa bolti mbili. Spana nilishika mimi. Yeye alishika kikombe cha chai.

Jumapili moja mshenga alikuwa anakuja kutoka Ruhembe kuniposa kwa niaba ya kijana mkata miwa. Nilimpenda kijana yule mpaka nikawa naunguza maharage. Nikiwa nafunga kiti, baba akanitangazia kwamba atakataa.

"Nataka akae hapo, aone hii ni nyumba ya mtu mwenye gari, ndipo nimwambie hapana," alisema.

Hasira zilinipanda. Bolti nilizishikiza kwa vidole tu, spana nikaitupa chini ya kitanda. Sitasema nilisahau.

Mshenga, mzee mnene mwenye kanzu iliyopigwa pasi, aliitikia shikamoo zetu, akapewa chai, akakaa ukingoni mwa kile kiti kwa adabu. Alisema yaliyomleta. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia. Baba akakohoa, tayari kukata mzizi wa fitina. Mzee naye akaegemea amsikilize kwa raha.

Egemeo likaenda naye. Miguu ilipita juu, soksi zikaonyesha matobo yake, chai yote ikaishia kifuani. Shangazi alinifinya mkono. Niliona nimejiharibia mwenyewe.

Baba alimwinua, akampangusa, akamwomba radhi mara tatu. Amemwangusha mjumbe wa watu sebuleni kwake. Sasa amnyime na binti, kesho habari zizagae Ruhembe nzima? Ile hapana ilimkaukia mdomoni. Akainama, akaokota bolti moja sakafuni, akaigeuzageuza, kisha akalitazama pazia kwa muda.

"Mchukueni," alisema, "kabla hajaua mtu."