Michongoma Iliyosogea

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye karatasi za mshahara, basi. Kwingine kote aliitwa Mkasi, na hata mkewe alimwita hivyo siku ambazo hana hasira. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupogoa ua wa michongoma uliozunguka bustani ya zamani katikati ya mji, ile yenye vijia vya matofali, waridi, na bwawa la samaki lisilo na samaki. Wenzake hufunga kamba kwenye vigingi ndipo wakate. Mkasi hakuwahi kugusa kamba. Alifumba jicho moja, akakata, na mstari ukanyooka. Wageni walimpiga picha, naye kujishaua alikujua: akiona kamera, anaupuliza mkasi kama kinyozi.

Ikawa halmashauri imeamua kuleta mambo ya kisasa. Nje ya ua, upande wa magharibi, palipokuwa na vichaka na vifusi tu, zingewekwa bembea, mashine za mazoezi na njia ya kukimbilia. Bustani ya zamani isiguswe. Ibaki kama ilivyo kwenye mchoro wa kwanza, uliotundikwa ofisini ndani ya fremu ya kioo. Mkasi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na alitaka kitu kimoja tu: auache ua wake umesimama.

Mpimaji alikuja Jumatatu, akavuta kamba kufuata mchoro. Langoni ilikwenda sawa, bwawani sawa. Ilipofika magharibi ikapita kwenye ukingo wa ndani wa ua, na mwili mzima wa ua ukabaki upande wa pili, umejilaza pale ambapo njia ya kukimbilia ingepita. Alipima tena mara mbili, kwa adabu. Msimamizi wa bustani, mama asiyependa maneno mengi, alisema inaelekea waliopanda zamani walikosea. Ua wa upande ule utang'olewa Ijumaa na miche mipya ipandwe kwenye mstari wa mchoro. Miche hiyo ingechukua miaka minne kufika kiunoni mwa mtu.

Jioni Mkasi alimsimulia mkewe, huku chakula kikipoa mbele yake. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, akiukata huo ua huwa anasimama wapi. Mkasi akajibu kwamba anasimama ndani, kwenye kivuli, karibu na viti vya wageni. Na nje? Nje anapitisha mkasi juu juu tu, maana huko nani anakwenda?

"Ndiyo maana hata hapa unafagia sebuleni peke yake," mkewe akasema. "Nyuma ya mlango ni kazi yangu."

"Mke wangu, mimi naongea mambo ya kazi."

"Na mimi pia."

Asubuhi aliwahi kuliko wenzake wote. Alilala kifudifudi, akajipenyeza chini ya ua, miiba ikamchana shati. Huko ndani alikuta mashina ya kale, manene kama paja, yamejipanga chini ya kamba ya mpimaji bila kukosea hata kidole. Waliopanda walipanda sawasawa. Ni yeye ambaye kila mwaka alikuwa akinyoa ndani kwa bidii, na nje akisamehe vidole viwili vya majani. Vidole viwili, mara thelathini na moja. Aliusogeza ua zaidi ya mita nzima huku watu wakimwangalia, wengine wakimpigia makofi.

Angeweza kunyamaza. Waliopanda walishakufa, wasingekuja kulalamika ofisini. Angestaafu na sifa zake zote, ila ua usingekuwepo. Aibu ilimshika, na tuseme ukweli, alilia kidogo, kisha lawama akaitupia miiba. Alipotoka alikwenda ofisini vile vile, na majani kichwani.

"Mama, waliopanda hawakukosea," alisema. "Nimekosea mimi."

Akaeleza yote, mpimaji akiwa pale anatazama viatu vyake. Kisha akaomba wasing'oe. Wampe mpaka Ijumaa, yeye ataukata upande wa nje mpaka kwenye mashina. Utatoka mbaya, lakini mizizi ipo.

"Na usipochipua?" msimamizi akauliza.

"Basi mtakuwa mmepata kuni."

Msimamizi alikaribia kucheka. Akampa mpaka Ijumaa.

Alikata siku nne, kwa msumeno na kwa shoka, akirudi nyumbani na mikono imevimba. Ua ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja, na upande wenyewe ndio uliotazama bembea mpya. Njia ilipofunguliwa, watu walikimbia mbele ya vijiti vitupu. Mmoja wao alisimama kunywa maji, akasema kwa sauti kwamba huu ua umekatwa na mtu asiyejua kazi. Mkasi alikuwa hatua tatu pembeni na reki yake.

"Ni kweli," akamjibu, akaendelea kukusanya majani.

Siku ya mwisho alikabidhi vifaa kwa mtunza bustani mpya, mwanamke aliyetoka kwenye vitalu vya miche. Alimpa mkasi, umenolewa, na bonge la kamba likiwa bado na karatasi ya dukani. Mwanamke akaligeuza geuza mkononi, akidhani anataniwa.

"Hii ya nini, Mzee? Si wanasema wewe hukuwahi kutumia kamba?"

"Sikuwahi."

Alimtoa kwa lango, akamzungusha mpaka nje, upande wa bembea, akachuchumaa mbele ya vijiti. Kulikuwa na machipukizi sita, madogo kama punje za mchele. Alishayahesabu asubuhi ile.

"Ukija kesho," akamwambia, "anzia huku."