Gari la Stima Njiani Kwenda Muhuru

Wenzangu wa kundi letu la wenye magari ya stima jijini Nairobi wamenisumbua mwezi mzima. Kila mmoja anataka niandike jinsi gari langu lilivyofanya kule magharibi, kwa kuwa ni wachache wetu waliothubutu kwenda mbali kwa magari haya. Nimekuwa nikijificha. Nimechoka, na safari yenyewe siipendi kuikumbuka. Sasa naandika mara moja, nisiulizwe tena.

Nianze na maoni yangu kama mwenye gari. Gari ni zuri. Halina kelele, viti vyake ni vya ngozi laini, na ukilikanyaga linaondoka hata kabla hujamaliza kuamua. Nililinunua likiwa limeshatumika, na nikaambiwa linakwenda kilomita mia nne kwa chaji moja. Hizo mia nne sijawahi kuziona. Nimeziona mia mbili na hamsini, na siku moja nikiwa mwangalifu sana, mia mbili na themanini. Lakini kwenye kundi nilikuwa naandika mia nne kama nyinyi nyote, na nikienda ukweni nasema mia nne na ushee. Mtu akishanunua gari la bei ile hapendi kusema amepunjwa.

Kilichonitoa Nairobi ni msiba. Filista, dada mkubwa wa mama mkwe wangu, alifariki huko Muhuru Bay alikoolewa. Mke wangu, Akinyi, alitangulia Jumatano kusaidia kupika. Mimi nilipewa kazi moja tu: kumchukua mama yake nyumbani kwake Asumbi Jumamosi asubuhi, na kumfikisha Muhuru kabla jeneza halijafungwa. Madada hao walikuwa wamebaki wao wawili tu kati ya watoto wa mama yao. Mama aliniambia neno moja kwenye simu: "Baba Robi, mimi nataka tu kuona uso yake."

Ijumaa asubuhi nilikuwa Kisumu. Nilichaji huko hadi betri ikajaa, nikakaa kwenye mgahawa karibu na chaja nikinywa chai ya tatu nisiyoitaka. Kisha nikashika njia ya Kendu Bay, nikapita Homa Bay, nikapanda Asumbi kumsalimia Mama.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wale wasiojua. Mimi ni Mkuria, mke wangu ni Mluo, na mimi na mama mkwe tunazungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu ya pamoja. Kwao, mkwe wa kiume haruhusiwi kulala katika boma la mama mkwe wake. Kwetu ni hivyo hivyo na zaidi: simtazami usoni, simpi mkono, siombi kitu kwake. Katika miaka kumi na minne ya ndoa, karibu kila neno kati yetu limepitia kwa Akinyi. Safari hii Akinyi hakuwepo.

Mama aliniandalia kuku na kuon, yaani ugali, kwenye sebule, yeye akakaa mlango wa jikoni, akaniuliza huku ameelekea upande mwingine.

"Baba Robi, hii gari yako haihitaji kitu? Stima iko. Soketi ni hiyo karibu na dirisha."

"Imeshiba, Mama," nikasema.

Haikuwa imeshiba. Ilikuwa nusu. Ningeweza kuliacha gari limechomekwa pale dirishani hadi asubuhi na mimi nikaenda zangu kwa pikipiki kutafuta pa kulala. Gari si mkwe wa mtu. Lakini mkwe aliyetamba kwamba gari lake halihitaji chochote hawezi kuinuka na kuomba stima kwa mama mkwe. Nilishukuru kwa chakula, nikateremka Homa Bay kabla jua halijatua.

Hotelini Homa Bay waliniruhusu kuchomeka kwenye chumba cha kufulia. Asubuhi nikakuta waya umechomolewa na umezungushwa vizuri juu ya ndoo. Mlinzi aliniambia, bila kujuta, kwamba pampu ya maji ilihitaji ile soketi, na wageni hawawezi kukosa kuoga kwa sababu ya gari. Nilipofika tena Asumbi, saa mbili, kioo cha mbele ya usukani kiliandika asilimia arobaini na nane.

Mama alikuwa tayari, amevaa gauni jeusi na kujifunika leso, mkoba mapajani. Aliingia kiti cha nyuma. Nami nilifanya kama ninavyofanya siku zote akiwa ndani ya gari langu: nikainua kioo cha katikati kikaelekea paa, ili macho yetu yasikutane. Nyuma nilitazama kwa vioo vya pembeni. Kisha nikawasha AC, nikaipeleka hadi mwisho, nikaelekeza matundu yote kwake. Nilitaka afike msibani bila hata tone la jasho. Kusema kweli nilitaka pia watu wa Muhuru wamwone akishuka.

"Uko sawa, Mama?"

"Niko sawa."

Tulipita Rongo tukiwa tumechelewa kidogo, nikaongeza mwendo. Mazungumzo hayakuwepo. Nilisikia mara mbili akikohoa, na nikasikia leso ikivutwavutwa. Nikadhani analia polepole, kama wazee wanavyolia, nikaona ni adabu nisimsumbue. Namba kwenye kioo ilikuwa inashuka upesi kuliko nilivyozoea, nami nikawa naitazama hiyo kuliko barabara.

Saa tatu na nusu tuliingia Suna, mjini Migori. Betri ilikuwa asilimia kumi na saba. Kutoka pale hadi Muhuru, kwa mwendo ule niliokuwa nao, ningehitaji zaidi ya robo ya betri. Nikaanza kutafuta soketi.

Nilimkuta mwanamume aitwaye Otieno akifungua mashine yake ya kusaga unga, kope zake tayari ni nyeupe. Nilimweleza shida yangu. Alilizunguka gari mara moja.

"Hii kitu kubwa hivi, halafu inakuja kuomba moto kwa posho mill?" akacheka. "Chomeka, boss. Lakini hiyo soketi ni ya kawaida. Itakunywesha polepole."

Nilihesabu haraka. Mazishi yalikuwa saa saba. Nikichaji hadi karibu saa sita, kisha niendeshe taratibu, tungefika. Nikamwambia Mama, nikiwa nimesimama kando ya mlango na kutazama ardhi, kwamba tunaongeza kidogo tu.

"Sawa, Baba Robi," akasema.

Hapo ndipo alipokuja Odhiambo, mwendesha bodaboda mwenye mvi, ambaye alikuwa ameleta gunia la mahindi. Alisikia tunakokwenda.

"Mama nampeleka mimi," akasema. "Sasa hivi. Saa tano haijafika, amefika. Barabara ni lami."

Wasomaji wangu, naomba muisome sehemu hii taratibu, kwa sababu safari yote ni hii. Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia mama mkwe wangu hapandi pikipiki kwenda kumzika dada yake, kana kwamba hana watu. Nilisema kwa sauti, ili Mama asikie nyuma ya kioo jinsi ninavyomheshimu. Odhiambo akanitazama, akamtazama Mama, akasema, "Sawa tu, mkubwa," akaenda kukaa kivulini. Mama alikuwa na mdomo wake wa kujisemea. Lakini mama mkwe hampingi mkwe mbele ya watu, na mimi nilijua hilo.

Tulikaa. Otieno alisaga debe baada ya debe. Mama alishuka kwenye gari, akasimama juani kwa muda mrefu, mgongo ameuelekeza kwenye jua. Jambo hilo nililiona na sikulielewa. Gari nalo lilikuwa linameza asilimia moja kila baada ya dakika ishirini.

Saa tano na dakika chache Akinyi akapiga simu. Nilisikia kwaya nyuma yake.

"Mko wapi?"

"Suna. Tunaongeza stima kidogo."

"Stima? Chacha, mvua inakuja kutoka ziwani, imekuwa nyeusi kabisa. Padri ana mazishi mengine, anasema hawezi ngoja saa saba. Wanafunga jeneza saa sita. Nimewaomba wangoje, wanasema kaburi itajaa maji. Mama yuko wapi? Si ulisema hiyo gari inatosha?"

Akinyi alikuwa anapaza sauti juu ya kwaya. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshasikia. Alinipita bila kuniangalia, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akamwendea Odhiambo pale kivulini.

"Twende," akamwambia.

Akapanda. Mwanamke wa miaka sabini na zaidi, mkoba kifuani, viatu vyeusi juu ya vyuma vya pikipiki. Nilibaki nimesimama na ufunguo mkononi. Baadaye nilipata pikipiki nyingine, nikafuata, na mvua ilinikuta Masara.

Muhuru niliingia nimelowa chepechepe. Dagaa wa omena waliokuwa wameanikwa juu ya nyavu walikuwa wamefunikwa upesi kwa maturubai, na watu walikuwa wamejibana chini ya hema. Mama alikuwa peke yake kwenye mvua, kando ya udongo mpya. Walikuwa wameshashindilia. Odhiambo aliniambia walipofika jeneza lilikuwa limeshuka na udongo umefika nusu, na kwamba Mama hakupiga kelele yoyote. Aliuliza tu kichwa kiko upande gani, akaenda kusimama upande huo.

Akinyi alinitazama kutoka chini ya hema, ng'ambo ya kaburi. Nilitamani anitukane.

Jumapili asubuhi Akinyi alibaki na wafiwa, na mpwa mmoja akatupa lifti kwa pikapu yake hadi Suna. Otieno alikataa kupokea zaidi ya shukrani. "Pole, Mama," alisema, na akatuletea unga wa wimbi kwenye mfuko. Gari lilikuwa limekunywa mchana, usiku na asubuhi. Themanini na tisa.

Mama aliketi nyuma kama jana. Nikapeleka mkono kwenye AC kwa mazoea.

"Baba Robi."

Sauti yake ilinishtua. Hakuwa amesema nami tangu jana.

"Kama wewe huipendi sana, hiyo baridi uzime. Jana mifupa yangu ilikaribia kuvunjika. Ndio nilikuwa naota jua pale kwa mashine."

Niligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne nilimtazama usoni.

"Mama, mimi baridi siipendi. Nilikuwa naiwasha kwa ajili yako."

"Yangu?" akasema. "Mimi nilidhani ni ya gari. Nikasema, ni gari ya mkwe, nitavumilia."

Nilizima. Nikakishusha kioo cha katikati mahali pake, nikafungua madirisha, tukaondoka taratibu kwa kuwa hapakuwa na cha kuwahi tena. Njia nzima aliniuliza juu ya mambo ya mashamba tunayoyapita, nami nikajibu. Rongo tulisimama akanunua ndizi, akanipa moja kwa mkono wake. Nilichoka mwili wote, uchovu ule wa mtu aliyekosea na bado anatendewa wema.

Asumbi, saa sita mchana. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yake. Hakushuka. Aliinama kati ya viti viwili akatazama namba.

"Hii ndiyo chakula yake?"

"Ndiyo, Mama. Imebaki sitini na saba."

"Tulitoka Suna na themanini na tisa." Mama alifundisha darasa la tatu maisha yake yote, hesabu haimpigi chenga. "Imekula ishirini na mbili. Na jana tulitoka hapa na ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Tukafika Suna na kumi na saba. Ilikula thelathini na moja." Vidole vyake vikahesabu juu ya mkoba. "Na kutoka Suna hadi kwa Filista, ukienda polepole hivi, bila baridi?"

"Ishirini, Mama. Haizidi."

Nilijua anakokwenda, nikatamani asifike. Ishirini na mbili na ishirini ni arobaini na mbili.

"Kwa hivyo ilitosha," akasema.

"Ilitosha, Mama."

Hayo ndiyo maoni yangu kuhusu masafa, wenzangu, na msiniulize mengine.

Nilimwona kwenye kioo, na mara hii sikuyaepa macho yake. Kisha akafungua mlango, akashuka kwa shida, akasimama akijinyoosha mgongo.

"Nairobi ni mbali, nyathina," akasema. Hilo ni neno analowaita watoto wake wa kuzaa. "Leta waya. Soketi ni ile ya dirishani."

Nikaleta waya.