Kamera Juu ya Kitanda cha Yaya

Ni asubuhi, na yaya anambembeleza mtoto angalau ameze kijiko kimoja cha uji. Ghafla kamera iliyo juu ya televisheni inaropoka: "Dada, huo uji si wa moto?" Ni mama mwenye nyumba, yuko ofisini.

"Umepoa, mama," anajibu, akiukodolea macho ukuta. Kisha ananong'ona: "Kila kijiko naulizwa! Ila hii ya sebuleni ina afadhali."

Majirani wanamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haupumziki. Simulizi yake ikifika kwenye kamera ya kwanza, iliyokuwa chumbani kwa mtoto, sauti inashuka. Humo ndimo anamolala yeye pia.

"Nilikuwa navalia nyuma ya mlango wa kabati, nimejikunja kama mwizi. Nikamwambia, mama, mimi nalala humu. Akasema, 'Naangalia mimi tu, una nini cha kuficha?'"

Yeye tu? Thubutu! Ili bibi amwone mjukuu, mama huyo alikuwa amelitupa neno la siri la kamera kwenye kundi la ukoo la kwenye simu, lile lililoundwa kwa ajili ya harusi yake na halijafungwa hadi leo. Humo wamo mashangazi, mashemeji, hata mpambaji wa ukumbi na rafiki zake. Shangazi mmoja alifikia kumkosoa Chiriku anavyofunga nepi.

Mchana mmoja, ametoka kuoga, sauti ya mwanamume asiyemjua ikasema: "Usijifiche basi."

"Nikaifunika kamera kwa nepi."

Bosi akapiga simu papo hapo: mbona giza? Alipoelezwa, akasema ni visa vya mtu anayetaka kulala mchana. Nepi itoke, au atoke yeye na begi lake. Chiriku ana mama mgonjwa kijijini anayeishi kwa mshahara huo. Nepi ikatoka.

Siku chache baadaye, bosi mwenyewe alikuwa ameketi chumbani humo akinyonyesha, sauti ileile ikamsalimia. Kamera iling'olewa kabla mtoto hajashiba.

"Mimi nilisema nikaitwa mwongo. Yeye kaambiwa neno moja tu, nyumba nzima ikalipuka!" Na samahani? "Bado naisubiri."

Sasa bosi anataka kuirudisha kamera chumbani, eti neno la siri ni jipya. Chiriku ameshaanza kuulizia kazi kwingine.

"Sitaki makubwa. Nataka pahali pa kuvalia nguo nikiwa peke yangu. Jamani, hilo nalo ni la kuomba?"