Mama Gemu na Kompyuta Inayokoroma

Mwenda pole hajikwai, lakini akifika habari imeshakuwa ya jana. Mama Gemu analijua hilo. Saa mbili asubuhi bado yuko na gauni la kulalia, chai inapoa kando, na vidole vinagonga herufi kama mvua ya mawe juu ya bati.

Gemu iliyosubiriwa mwaka mzima imeingia sokoni leo. Tovuti nyingine za habari za gemu zimeimwagia sifa. Yake inasema: ukifika daraja la pili, gemu inaganda na safari yako yote inafutika.

“Wao wamecheza kwenye mashine mpya,” anamwambia mumewe, anayepiga pasi nyuma yake, bila kugeuka. “Msomaji wangu ana kama hii.”

Hii ni kompyuta kuukuu, kifuniko kimeshikwa kwa gundi ya karatasi, feni inakoroma kama mgeni aliyeshiba. Ndiyo kanuni yake: haandiki neno kuhusu gemu kabla ya kuicheza humo. Mpya anayo, zawadi ya mumewe. Hiyo anaitumia kuhariri video tu.

Alianzia ukutani. Mjomba wake alikuwa na chumba cha gemu za kulipia, naye, binti wa shule, akabandika karatasi alizoziandika kwa kalamu: gemu ipi imeingia, ipi ina mlango wa siri. Vijana wakawa wanakuja kusoma bila kucheza. Mjomba alilalamika kwamba mpwa wake amemgeuzia biashara kuwa maktaba, lakini hakubandua hata moja.

Mtandao ulipofika, karatasi zikawa tovuti. Picha moja ilifunguka taratibu, msomaji akamaliza kikombe akiisubiri. Likaja jukwaa la maoni, watu wakararuana kwa sababu ya alama alizotoa. Halafu video zikafagia uwanja. Tovuti za wenzake zikafungwa moja moja, zilizobaki nyingi zikageuka mabango ya kampuni. Yeye akajifunza kamera, ila kuandika hakuacha.

“Video inakupita ikicheka,” anasema. “Andiko unalikamata shati, unaliuliza.”

Simu inaita. Ni msemaji wa kampuni iliyotengeneza gemu hiyo. Mama Gemu anaweka spika. Kijana huyo anamwita “dada yangu”, anamweleza kwa upole kwamba mbovu ni mashine yake, si gemu. Aiondoe habari na kuomba radhi, la sivyo hatapewa tena nakala za mapema, zile ambazo waandishi hupata kabla ya gemu kuuzwa. Kwa tovuti ndogo, huko ni kukabwa koo.

Mumewe anaacha kupiga pasi. “Mke wangu, lifikirie kwanza,” ananong'ona.

Lakini kwenye kioo cha kompyuta maoni ya wasomaji yanamiminika. “Nami nimeganda darajani.” “Yangu pia imefutika.” Mama Gemu anacheka mpaka kiti kinalia, kisha anamsomea kijana kasha la gemu yenyewe, linaloahidi kuchezeka kwenye mashine kama yake. Kijana anasema hayo ni maelezo ya jumla.

Mama Gemu anamjibu kwamba kuanzia sasa atanunua gemu dukani kama mtu yeyote, na wasomaji wenye mashine kuukuu watazijaribu pamoja naye siku hiyohiyo, wakiandika kwa majina yao.

“Kwa hiyo hutaomba radhi, dada yangu?”

“Nakala zenu kaeni nazo, mdogo wangu. Radhi siombi.”